SOMO: KING'AMUZI KIMELALA, MITA IKO MACHO



Somo letu la safari hii linahusu chombo kilichomo katika kumbi nyingi za wafanyakazi na katika vyumba vingi vya kambi, yaani king'amuzi cha televisheni ya dishi. Wengine hukiita dekoda, wengine risiva. Jina si hoja. Hoja ni kwamba chombo hiki kina mambo mawili ambayo wengi wetu hatukuelezwa siku tulipokinunua. La kwanza ni usingizi wake, ile hali ya stendibai ukikizima kwa rimoti. La pili ni kubadilishwa kwa programu yake, kazi ambayo mara nyingi hufanyika usiku, watu wakiwa wamelala. Mambo haya mawili yanagusana. Asiyeyafahamu huweza kulipia umeme asioutumia mwezi baada ya mwezi, au kuharibu chombo kizima kwa sekunde moja.

Tuanze na kisa kilichotufanya tuandike somo hili.

KISA CHA UKUMBI WETU

Katika shamba moja la chai huku magharibi mwa Uganda, ambako mwandishi wa somo hili alikuwa mjumbe wa kamati ya tawi, kulikuwa na ukumbi wa wafanyakazi wenye televisheni, dishi na king'amuzi. Umeme wa ukumbi ulilipwa kwa mfuko wa ustawi, na mfuko huo ulitokana na michango yetu. Umeme wa Yaka ulipokuwa ukiisha upesi kuliko kawaida, ofisi ilimwagiza mzee mtunza ukumbi achomoe kila kitu ukutani ifikapo saa nne usiku. Agizo lilikuwa la mdomo tu. Mzee akatii.

Usiku mmoja, baada ya mpira kwisha, kioo kilionyesha maandishi ya Kiingereza na mstari uliokuwa ukijaa polepole. Mzee hakusoma Kiingereza. Saa nne ilikuwa imefika, akachomoa. Asubuhi yake king'amuzi kiliwaka taa moja nyekundu, kikaandika neno moja usoni, kikagoma hapo hapo. Mwisho wa mwezi mzee akaambiwa kwamba bei ya king'amuzi kipya itakatwa katika mshahara wake.

Mwisho wa kisa tutaueleza chini. Kwanza tujifunze nini kilitokea ndani ya kile kisanduku.

SEHEMU YA KWANZA: NDANI YA KING'AMUZI

King'amuzi ni kompyuta ndogo. Ndani yake mna sehemu nne zinazotuhusu.

1. Kigeuza umeme. Huchukua umeme wa ukutani wa volti 230 au 240 na kuushusha hadi volti chache.

2. Kipokezi cha mawimbi. Hiki hupokea yale yanayoshuka kwa waya kutoka kwenye dishi. Waya huo haushushi mawimbi tu, hupandisha umeme pia. King'amuzi hupeleka volti 13 au volti 18 kwenye kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, ambacho mafundi hukiita LNB. Kwa volti 13 kichwa hupokea mawimbi yaliyosimama, kwa volti 18 hupokea yaliyolala. Kwa hiyo kichwa cha dishi nacho hula umeme, na umeme wake hupitia king'amuzi chako.

3. Ubongo. Huu hufungua picha na sauti zilizobanwa, hupokea amri za rimoti na kuendesha kazi zote.

4. Kumbukumbu ya kudumu. Humu ndimo ilimohifadhiwa programu inayouambia ubongo la kufanya, pamoja na orodha ya stesheni zako. Kumbukumbu hii haifutiki umeme ukikatika. Ndiyo maana ukikiwasha king'amuzi baada ya wiki nzima bado unazikuta stesheni zako.

SEHEMU YA PILI: USINGIZI WA AINA MBILI

Ukibonyeza kitufe chekundu cha rimoti, picha hupotea. Wengi hudhani chombo kimezimika. Sivyo. Kimelala tu, na usingizi wenyewe ni wa aina mbili.

Aina ya kwanza ni kusinzia. King'amuzi hukata picha na sauti inayokwenda kwenye televisheni, lakini ubongo unaendelea kufanya kazi, kipokezi kinaendelea, na kichwa cha dishi kinaendelea kulishwa. Ukikishika juu utakikuta bado kina joto. Joto hilo ni umeme wako. King'amuzi kinachosinzia huweza kula karibu sawa na kinachotazamwa.

Aina ya pili ni usingizi mzito. Ubongo hulala, kichwa cha dishi hunyimwa umeme, na hubaki sehemu ndogo tu inayongojea rimoti na kuhesabu saa. King'amuzi kizuri kikiwa katika hali hii hula wati 1 au pungufu. Ubaya wake ni mmoja: kukiwasha tena huchukua muda, pengine dakika moja au zaidi, kwa sababu programu yote inaanza upya.

Je, nani anachagua usingizi gani utumike? Mara nyingi ni kiwanda kilichotengeneza chombo, au kampuni ya matangazo iliyokiuza. Kampuni hupenda king'amuzi kisinzie tu, kwa sababu kikiwa hivyo huwaka upesi na hupokea programu mpya wakati wowote. Lakini anayechagua siye anayelipa umeme.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 2011 shirika la NRDC la Marekani lilitoa uchunguzi juu ya ving'amuzi na visanduku kama hivyo nchini humo. Ilionekana kwamba mwaka 2010 vilikuwako visanduku kama milioni 160, navyo vilikula yuniti za umeme kama bilioni 27 kwa mwaka. Takribani theluthi mbili za umeme huo ziliteketea wakati hakuna mtu aliyekuwa akitazama. Huko Ulaya, sheria iliyotungwa mwaka 2008 ilitaka kwamba kuanzia Januari 2010 vyombo vingi vya nyumbani vikilala visizidi wati 1, au wati 2 kama vinaonyesha saa usoni. Januari 2013 kiwango hicho kilishushwa kuwa nusu wati na wati 1. Lakini sheria hiyo iligusa usingizi wa kweli. Chombo kinachoonekana kimezimwa, huku ndani kikiendelea na kazi, ni jambo jingine.

SEHEMU YA TATU: TUPIME WENYEWE

Ndugu msomaji, usikubali wala usikatae maneno haya kabla ya kupima. Kipimo unacho nyumbani. Mita nyingi za siku hizi zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu na taa hiyo pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila yuniti moja, kwa mfano 1000 au 1600. Fanya hivi:

1. Zima na uchomoe kila kitu nyumbani isipokuwa king'amuzi. Televisheni nayo ichomolewe.

2. Kizime king'amuzi kwa rimoti, kisha ungoje dakika kumi.

3. Hesabu mipepeso ya taa kwa saa moja nzima.

Kama mita yako ni ya 1000, kila mpepeso mmoja kwa saa ni wati 1. Ukihesabu mipepeso 12 kwa saa, yaani mmoja kila baada ya dakika 5, king'amuzi chako kinakula wati 12 kikiwa "kimezimwa". Kama mita ni ya 1600, gawa idadi uliyohesabu kwa 1.6. Kosa la wengi ni kupima dakika kumi tu. Kwa chombo kidogo hesabu hiyo hudanganya.

Sasa tufanye hesabu ya mwezi. Kanuni ni hii: wati, mara saa, gawa kwa 1000, unapata yuniti.

Tuseme king'amuzi hutazamwa saa 6 kwa siku na husinzia saa 18. Wati 12 mara saa 18 mara siku 30 ni 6,480. Gawa kwa 1000, ni yuniti 6.48. Kama kingelala usingizi mzito wa wati 1, kingekula yuniti 0.54 tu. Tofauti ni karibu yuniti 6 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya yuniti iliyo kwenye risiti yako, upate shilingi zinazopotea. Kisha fikiri juu ya kambi yenye vyumba 40 vyenye ving'amuzi vya namna hiyo. Ni yuniti kama 238 kila mwezi, nazo hazijampa mtu hata dakika moja ya mpira wala ya taarifa ya habari.

Wenye umeme wa jua waangalie zaidi. Betri ya volti 12 na Ah 50 ina jumla ya wati-saa 600, lakini betri ya risasi na asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema. Basi una wati-saa 300 za kutumia. King'amuzi cha wati 12 kikisinzia saa 18 hula 216. Zaidi ya theluthi mbili ya akiba hiyo imekwisha, na taa ya mtoto anayesoma haijawashwa bado.

SEHEMU YA NNE: PROGRAMU MPYA HUJAJE?

Mtu atasema: basi jibu ni rahisi, tuchomoe kila usiku. Kuchomoa si dhambi, na wakati wa radi ni wajibu kuchomoa waya wa umeme na wa dishi pia. Lakini kabla ya kuchomoa, hapana budi kujua king'amuzi kinafanya nini wakati ule.

Programu ya king'amuzi huzeeka. Kampuni huhamisha stesheni, hubadili mpangilio wa mawimbi, hurekebisha makosa yaliyogunduliwa baada ya chombo kuuzwa. Kwa hiyo hutuma programu mpya kwa satelaiti. Hutumwa kama tangazo la kipaza sauti sokoni, linalorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho tena na tena, ili atakayechelewa alidake mzunguko unaofuata. Ndani ya tangazo hilo mna alama ya kiwanda na ya aina ya chombo, ili kila king'amuzi kichukue iliyo yake tu.

Kazi hufanyika kwa hatua nne:

Kwanza, king'amuzi hulinganisha namba ya programu yake na namba ya ile inayotangazwa.

Pili, kikiona iliyo mpya, huipokea kidogo kidogo na kuiweka mahali pa muda. Mvua kubwa ikikata mawimbi katika hatua hii, hakuna hasara, kitaanza tena.

Tatu, huikagua kama imefika nzima na kama imetoka kwa mwenyewe.

Nne, huiandika katika kumbukumbu ya kudumu, kisha hujizima na kujiwasha.

Hatua ya nne ndiyo yenye hatari. Programu ya zamani inafutwa na mpya inaandikwa juu yake. Umeme ukikatwa hapo katikati, ubongo unaamka na kukuta nusu ya maagizo. Ving'amuzi vingine vina nakala mbili za programu, hivyo hurudi kwenye ile ya zamani. Vingine vina moja tu, navyo hugoma palepale. Hiki ndicho kilichompata mzee wetu. Mstari aliouona ukijaa ulikuwa hatua ya nne.

Kuna jambo la pili. Kwa stesheni za kulipia, haki yako ya kutazama nayo hutumwa kwa satelaiti, ikielekezwa kwa namba ya kadi yako au ya king'amuzi chako. Chombo kilichochomolewa wiki nyingi hakikupokea ujumbe huo. Ndiyo maana mtu hulipa, akawasha, akakuta stesheni zimefungwa. Mara nyingi dawa ni kukiacha kimewaka katika stesheni ya kampuni hiyo kwa muda, ujumbe upite tena. Usikimbilie kulipa mara ya pili.

SEHEMU YA TANO: KANUNI ZA KUFUATA

1. Ingia katika mipangilio kwa rimoti, tafuta mahali panapohusu stendibai au kuokoa umeme. Ukiona chaguo la usingizi mzito, lichague. Kisha pima tena kwa mita uone kama kweli kimetii.

2. Kama pana chaguo la kujizima chenyewe baada ya saa kadhaa bila kuguswa, liwashe. Litasaidia siku ambayo mtu atasinzia kabla ya king'amuzi.

3. Tazama kama king'amuzi chako, hata kikiwa katika usingizi mzito, hujiamsha saa fulani ya usiku kutafuta programu mpya. Vingi hufanya hivyo. Kama saa hiyo inaweza kuchaguliwa, chagua saa ambayo umeme wa kwenu haukatiki ovyo.

4. Kama umeme wa usiku hauaminiki, zuia programu mpya isijiandike yenyewe, na uitafute kwa mkono Jumapili mchana, ukiwapo, na umeme ukiwa mzuri.

5. Ukiona mstari unaojaa, asilimia zinazopanda, au onyo la kutozima, usiguse kitu. Usibonyeze rimoti kwa hasira. Ngoja hadi picha irudi.

6. Kama programu inawekwa kwa kijiti cha USB, soma kibandiko kilicho chini ya king'amuzi. Jina la aina na namba ya toleo lake vifanane kabisa na vile vya faili. Ving'amuzi viwili vyenye umbo moja huweza kuwa na ubongo tofauti. Kwanza hifadhi orodha ya stesheni zako kwenye kijiti, kama chombo chako kinaruhusu, ndipo uendelee.

7. Usipokee faili kutoka kwa mtu anayekuahidi kutazama stesheni za kulipia bila kulipa. Mbali na kuvunja sheria, faili la namna hiyo huweza kukuachia king'amuzi mfu, na aliyekupa hatakuwapo kukusaidia.

8. Usidanganywe kwamba programu mpya inaweza kila kitu. Namna mpya ya kurusha mawimbi iitwayo DVB-S2 ilisanifiwa mwaka 2005, na namna ya kubana picha iitwayo H.264 ilitoka mwaka 2003. King'amuzi kilichoundwa kwa namna za zamani tu hakiwezi kuzisoma hizi kwa kubadilishiwa programu, maana sehemu za ndani zenyewe hazina uwezo huo. Fundi akikutoza fedha kwa kazi hiyo, anakuibia.

MWISHO WA KISA

Turudi kwa mzee wetu. Kamati ya tawi ilikutana na ofisi. Meneja alisema, "Chombo kimeharibika mikononi mwake, basi alipe." Katibu wa tawi akauliza maswali matatu. Agizo la kuchomoa saa nne lilitoka kwa nani? Kuna karatasi gani ukutani inayosema usichomoe wakati programu inaandikwa? Na kuna sheria gani inayoruhusu makato haya?

Swali la tatu lina uzito. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaolinda mishahara, unasema katika kifungu cha 8 kwamba makato yaruhusiwe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mapatano ya chama na mwajiri, au na uamuzi wa usuluhishi. Tena wafanyakazi wajulishwe masharti hayo. Hasira ya ofisi haimo katika orodha hiyo.

Ofisi iliomba siku saba. Katika siku hizo kijana mmoja wa karakana, aliyewahi kufanya kazi kwa fundi wa redio, alisema kwamba chombo huenda hakijafa. Alieleza kwamba sehemu ndogo ya programu, ile inayoamsha nyingine, haifutwi wakati wa kuandika. Alipata faili sahihi la aina ile ile, akaliweka kwenye kijiti, akakiwasha king'amuzi huku amebonyeza kitufe cha mbele. Mstari ukaanza kujaa. Safari hii watu kumi na zaidi walisimama wakiutazama, na hakuna aliyethubutu hata kuegemea meza. Baada ya dakika chache picha ikarudi.

Makato yakafutwa. Mzee hakusherehekea. Alisema tu, "Mimi nilifanya nilivyoambiwa. Sasa niandikieni, tena kwa Kiswahili." Karatasi ikaandikwa, ikabandikwa karibu na swichi: UKIONA MSTARI UNAJAA, USICHOMOE. NGOJA PICHA IRUDI. Tulibadili pia mpangilio wa stendibai, tukapima kwa mita, na matumizi ya usiku yakashuka. Tangu hapo mzee hakuhitaji kuchomoa kila siku, ila wakati wa radi.

Funzo ni kwamba mfanyakazi akipewa chombo apewe na maelezo yake, kwa lugha anayoisoma. Na asipopewa, ayadai kabla chombo hakijaharibika.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Pimeni king'amuzi cha ukumbi wenu kwa mita. Kinakula wati ngapi kikiwa kimezimwa kwa rimoti?

2. Kwa bei ya yuniti mnayolipa, hizo ni shilingi ngapi kwa mwezi? Nani anazilipa?

3. Je, kuna maandishi ya Kiswahili karibu na swichi ya ukumbi wenu? Kama hayapo, yaandikeni leo, na chagueni mtu wa kuyasimamia.

4. Makato gani ya mshahara yanaruhusiwa na sheria ya nchi yenu na mapatano yenu na mwajiri? Katibu wa tawi alete nakala, isomwe mkutanoni.